Vifuniko vya Mama na Maonyesho ya Maua

Harufu ya ukindu unaochemshwa na rangi haifanani na nyingine yoyote. Ina ukali kidogo kama wa siki, ina utamu wa majani makavu yaliyonyeshewa, na juu ya yote kuna moshi wa kuni. Juzi nilipita nyuma ya nyumba ya jirani, ikanijia, na miguu ikasimama yenyewe. Jirani akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamjibu hapana, nimekumbuka vita. Alicheka, kwa sababu ananijua. Lakini ninyi nitawaeleza taratibu, maana ilikuwa vita kweli, ingawa hakuna aliyeinua hata fimbo.

Tuliishi Arua, mtaa wa Wanubi, katikati ya miaka ya sabini. Mama alikuwa akisuka tabaga. Kwa asiyeijua, tabaga ni kifuniko cha chakula, cha mviringo, kipana kuliko sinia, kilichosukwa kwa ukindu wa rangi zinazopigiana kelele: nyekundu, zambarau, kijani, manjano. Mtaani kwetu mwanamke alijulikana kwa tabaga yake kama mtu anavyojulikana kwa sauti. Na lipo jambo moja ambalo lazima mlifahamu kwanza, la sivyo mtamwona Mama kuwa mkaidi bure. Tabaga haitumwi. Mwenyewe huibeba kichwani mpaka kwenye sherehe, hufunika chakula kwa mkono wake, na wageni wakishanawa huifunua kwa mkono wake, wenzake wakipiga vigelegele. Tabaga ikifika mahali bila mwenyewe, watu huanza kulia, kwa sababu siku pekee inapobebwa na mikono mingine ni siku ambayo yeye amezikwa na binti zake wanagawana vyombo.

Ng'ambo ya uwanja wa gofu kulikuwa na mtaa wa wakubwa. Nyumba zake zilikuwa na vigae vyekundu, na ua wa miti ulikatwa sawasawa kama nywele za kuruta. Siku za kawaida mtoto wa kwetu akionekana kule aliulizwa anatafuta nini. Lakini mara moja kwa mwaka walifanya maonyesho ya maua, na habari zake zilitufikia kama habari za peponi. Tulisikia kwamba siku hiyo unaweza kutembea bustani moja hadi nyingine bila kufukuzwa na mbwa. Kwamba kuna maua mapana kama sahani, na mengine yamepangwa mezani na watu wanayapa zawadi kana kwamba yamefaulu mtihani. Kwamba bendi inapiga tarumbeta chini ya miti, na watoto wanakimbia ndani ya magunia. Na kulikuwa na jipu. Jipu la jeshi, lililopambwa kwa bogenvilia toka taa hadi nyuma, likizungusha watoto uwanjani. Maua sikuyajali sana. Nyuma ya nyumba yetu mabamia yalichanua kila siku. Mimi nilitaka jipu.

Kwa hiyo Kaltumu alipokuja kwetu kwa gari, moyo wangu uliruka. Kaltumu alizaliwa jirani na Mama, wakajifunza kusuka kwenye mkeka mmoja, kisha akaolewa na afisa na kuhamia kule kwa wakubwa. Safari hii alikuwa amekabidhiwa vyakula vya maonyesho.

"Dada, mwaka jana nzi walitutia aibu," alimwambia Mama kwa Kinubi chetu. "Keki zilikaa mezani kama zimetiwa zabibu. Niazimeni tabaga zenu, jioni nitazirudisha."

Mama aliendelea kusuka. "Kaltumu, mimi nimekufa lini?"

Kaltumu akacheka, lakini aliona haya. Alikuwa anaijua desturi ile vizuri. "Haya, basi. Njooni nazo wenyewe."

Kosa lilizaliwa pale pale. Kaltumu alidhani amealika vifuniko, na wanawake wakiwa wabebaji wake. Mama alisikia kwamba wamealikwa wanawake. Mtaa mzima ulijiandaa. Shangazi Mastula alitoka Koboko kwa lori, na tabaga yake imefungwa ndani ya shuka kama mtoto mchanga. Mimi nilisugua miguu kwa jiwe mpaka ikawaka, kisha nikaipaka mafuta. Viatu sikuwa navyo, lakini miguu ile iling'aa.

Tulivuka uwanja wa gofu kwa mstari, wanawake wamejifunga gurbaba, zile shuka zetu zenye nakshi, tabaga zimekaa vichwani, sisi watoto nyuma yao, manukato yakitutangulia. Watu wa sokoni walisimama kutazama. Sijawahi tena kutembea nikijiona mrefu namna ile.

Getini tulimkuta askari, kijana wa kijiji cha Dadamu, na naye tulizungumza Kiswahili chetu cha huku.

"Mama, kadi iko wapi?"

"Kadi iko kichwa," alisema Shangazi Mastula. "Wewe hapana ona?"

"Hii ni vifuniko, mama. Vitu ya jikoni inapita nyuma. Amri iko hivyo."

"Sisi hapana vitu ya jikoni," alisema Mama. "Sisi ni watu. Chakula yenu iko ndani inangojea sisi."

Askari alijikuna shingo. Alionekana kumwamini Mama kuliko amri, lakini amri ndiyo iliyomlipa. Mama hakubishana naye. Alivuka barabara, akaketi kwenye nyasi, akaweka tabaga mapajani. Wote wakaketi. Ndani bendi ilianza. Kupitia pengo la ua niliona jipu likipita, limejaa watoto wenye soksi nyeupe, na petali zikidondoka nyuma yake. Niliona pia meza ndefu ya keki, na mabibi wakipunga leso juu yake.

"Tazameni," alisema Shangazi, "wakubwa wanapigana na nzi, na nzi wanashinda."

Hatimaye Kaltumu akatoka, visigino vya viatu vyake vikizama kwenye nyasi. "Dada, mbona mnanifanyia hivi? Mlango wa jikoni ni mpana. Mtaingia na kutoka bila mtu kuwaona."

"Ndiyo sababu siutaki," alisema Mama.

Kaltumu akarudi ndani. Tulimwona akizungumza na mabibi wawili, mikono ikipanda na kushuka. Aliporudi uso wake ulikuwa umelainika. Nadhani alikuwa amepigania kitu kwa ajili yetu, na nataka mmhesabie hilo.

"Nimewaombea," alisema. "Ninyi nyote piteni geti kubwa. Lakini watoto hawana viatu, na kuna wageni. Wapite nyuma. Watapewa keki huko huko jikoni."

Mimi nilikuwa nimeshasimama. Mlango wa nyuma, wa mbele, wa juu ya paa, kwangu vilikuwa sawa, mradi unafika kwenye jipu. Nilianza kwenda. Mkono wa Mama ukanidaka gauni.

"Binti yangu hapiti nyuma."

"Ni mtoto tu, dada. Ataona nini?"

"Ataona mimi napita huku, na yeye anapita kule."

Hakupandisha sauti. Aliweka tabaga kichwani, akageuka, akashika njia ya nyumbani. Shangazi Mastula alimtazama, kisha akamtazama Kaltumu, akasema, "Salimia nzi," naye akafuata. Wengine wakafuata. Yule askari, Mungu amweke, alitusimamia wima kama askari wanavyowasimamia wakubwa.

Nililia njia nzima. Nilimwambia Mama kwamba Kaltumu ni mama mzuri kuliko yeye. Mama akasema, "Futa kamasi. Ukitaka kulia, lia huku unatazama mbele." Tulipofika walipika gurusa, ile mikate myembamba ya kikaangoni, na mchuzi wa bamia. Wakafunika kila sinia, tukanawa, na Shangazi akatangaza kwamba maonyesho yamefunguliwa. Tabaga zikainuliwa kwa vigelegele vilivyosikika, naapa, mpaka kwenye keki zile. Mimi nilikula nimenuna, lakini nilikula.

Msidhani wakubwa walijifunza kitu. Mwaka uliofuata walinunua vyandarua, na Kaltumu hakuja tena kwetu kuomba. Jipu sikulipanda kamwe.

Mwaka 1979, serikali ilipoangushwa, tulikimbia, tukavuka mpaka, na ugenini niliijua milango mingi. Watu walinielekeza nyuma kwa upole, wengine kwa ukali, wengine kwa kipande cha mkate mkononi, na hao wa mkate ndio wagumu kuwakataa. Nilikuwa nikisema hapana, kisha ninaketi mbele na kungoja. Mara nyingine nilifunguliwa, mara nyingi sikufunguliwa. Wenzangu waliniuliza ujeuri huu nimeusomea wapi. Wanangu nao huniuliza, na ninyi mnaolea watoto nawaambia kama ninavyowaambia wao: unaweza kuondoka mlangoni ukiwa hujashindwa.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama kisa cha wanawake waliofungiwa geti. Nilikuwa mtu mzima, nina binti wa kimo kile kile, ndipo nilipokiona sawasawa. Mama hakufungiwa. Alilitaka geti lile, akaliketia, akalishinda. Lilikuwa wazi mbele yake, bendi ikipiga. Aliligeuzia mgongo kwa ajili ya miguu yangu.