Mtaro Ulikuwa Unakula Nini

Iko siku moja ambayo hainitoki akilini, mwanangu. Nakuita mwanangu kwa haki, maana mtoto wa dada yangu ni wangu, hata kama nimekupita miaka michache tu na bado natafuta kazi. Nimesikia unataka kuiacha kemia kwa sababu, unasema, ni hesabu za vitu visivyoonekana. Kabla hujaiacha, nisikilize.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada yangu ya kemia, nikaenda kusaidia kikundi cha akina mama kinachotengeneza sabuni ya kufulia huku mtaani Baba Dogo, katika ua wa ploti yetu ya kupanga. Tulikusanya mafuta yaliyochoka ya wauza chipsi, tukayachuja, tukayachemsha na kostiki, ile magadi kali ya kutengenezea sabuni, kisha tukatia chumvi ili sabuni ipande juu. Maji ya kahawia yaliyobaki chini tuliyamwaga mtaroni. Ndivyo kikundi kilivyofundishwa tangu mwanzo, na sabuni ilitoka nyeupe.

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Keretaka wetu, Bwana Mutiso, msimamizi wa ploti, hakuwasikia wahenga.

"Hii maji yenu inanuka mpaka juu kwa wapangaji," alisema. "Nikiiona tena Jumatatu, mnatoa sufuria zenu hapa."

Hatukuwa na mahali pengine. Bila ua ule, hakuna kikundi.

Alipoondoka, mimi nilianza kututetea kwa kitu nilichokijua: mavuno. Niliwaeleza wenzangu kwamba katika kemia, mavuno ni kulinganisha ulichopata na kile ulichopaswa kupata, na kwamba sisi tulikuwa tunapata karibu sabuni yote iliyotarajiwa. "Kwa hiyo hakuna kinachopotea," nikamalizia.

Bi Hadija, mwenyekiti wetu, mama mzee aliyeuza vitambaa maisha yake yote, alinitazama kwa upole. "Mwanangu, kama hakuna kinachopotea, huo mtaro unakula nini?"

Mama Otis, mwenzetu wa kikundi, akaangua kicheko. "Jibu, msomi! Usituangalie tu."

Nilichukua kipande cha mkaa, nikapasua boksi, nikaandika mmenyuko mzima: mafuta na kostiki upande huu, sabuni na glisirini upande ule. Nikahesabu atomu. Kaboni zote zilikuwepo. Haidrojeni zote, oksijeni zote. Nikahesabu tena, nikidhani nimekosea. Nilifundishwa jambo hilo nikiwa darasani kama wewe, lakini siku ile mwili ulinisisimka. Moto wote ule, mvuke wote ule, na hakuna hata atomu moja iliyokuwa imetoweka duniani. Zilikuwa zimehama tu. Na glisirini ilikuwa imehamia kwenye maji ya chumvi.

"Glisirini gani?" Mama Otis aliuliza. "Ile ya duka la dawa? Ya kupaka ngozi?"

"Hiyo hiyo."

"Yawa! Tunapaka mtaro mafuta, na watoto wetu miguu imepasuka!"

Mtupa jongoo hutupa na mti wake. Tukaamua kuacha chumvi, tuache na kuchemsha. Tungepima kostiki kulingana na mafuta, isibaki ya kumwagwa, na kila kitu kiingie kwenye sabuni. Hofu yangu ilikuwa kwamba kostiki ikizidi itaunguza mikono ya watu, na ikipungua tutabaki na ugiligili wa mafuta. Nilipima, nikapima, nikamwomba Bi Hadija naye apime.

"Sasa iamini mizani," aliniambia. "Hofu haiongezi uzito."

Tulikoroga mpaka ikawa nzito kama uji, tukaimimina yote kwenye visanduku vya mbao, tukavifunika kwa magunia. Baada ya muda niliingiza mkono chini ya gunia. Hatukuwa tumewasha jiko, lakini kisanduku kilikuwa na joto kama mgongo wa mtoto aliyelala. Mmenyuko ulikuwa unaendelea wenyewe, gizani, bila kutuhitaji. Niliwaita wenzangu, na kila mmoja akaweka kiganja.

"Subhanallah," Bi Hadija akasema polepole.

Jumatatu Bwana Mutiso aliinama mtaroni, akakuta pakavu. "Maji mmemwaga wapi?"

"Hakuna ya kumwaga," Mama Otis alimjibu. "Yote yako ndani ya sabuni."

"Msinichezee." Alizunguka ua mzima, hata nyuma ya choo, asione tone. Akatuachia ua wetu. Sabuni yenyewe ilikaa wiki kadhaa ikikauka; ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa na ilinuka chipsi kidogo, sikufichi, lakini waliofulia nayo walisema haikwaruzi mikono.

Mwanangu, nasaha yangu ni hii. Mavuno huuliza: umepata kiasi gani cha ulichotarajia? Liko swali la pili, ambalo wanakemia huliita uchumi wa atomu: katika yote uliyotia, ni kiasi gani kimeingia katika kile unachokithamini? Unaweza kulijibu la kwanza kwa fahari, la pili likakunyamazisha. Jiulize yote mawili, ndani na nje ya maabara. Wala usiviache vitu kwa kuwa havionekani. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Mungu akupe jicho la kuona kinachoondoka kimyakimya mikononi mwako, akujalie watu wa kukuuliza kwa upole, na kila alichokutilia kisiende bure.