Uwanja Ambao Bibi Hakuufagia

Mwaka huu kazi ya kununua magari yaliyotumika ilinifikisha Japani, na Jumapili moja mwenyeji wangu akanipeleka kuona hekalu la kale la Wabudha. Nilitegemea kushangaa paa lake na nguzo zake nyeusi za mbao. Kilichonishika ni mtawa mzee aliyekuwa uani akichora mistari kwenye changarawe kwa reki, akirudi kinyumenyume asikanyage alikokwisha kupita.

Basi, rafiki yangu, kwa mawazo nilirudi kijijini kwetu Ilongero palepale.

Bibi aliyenilea alitaka uwanja wake ufagiliwe hivyohivyo. Kabla ya uji wa uwele ninyunyize maji, nianzie mlangoni na fagio la vijiti, nirudi nyuma hadi njiani, mistari ilale kama nywele zilizochanwa. Kengele za ng'ombe wa jirani zinapita, bibi ameketi kizingitini akichambua mlenda, haachi kunitania. "Mume wangu, unafagia au unabembeleza vumbi? Ukioa, mkeo atakurudisha kwangu!"

Alikuwa na sharti moja. Mtu wa nyumba yake akisafiri, uwanja haufagiliwi mpaka ije habari kwamba amefika. "Nikifuta nyayo zake atarudia wapi?" alisema. Mjomba alikwenda Singida mjini tu, tukakaa na mavi ya kuku siku mbili, mpaka kondakta wa basi alipoleta salamu.

Nilipomaliza kidato cha nne miguu iliniwasha. Niliondoka asubuhi bibi akiwa kisimani, sikuaga, niliogopa atanizuia. Kwenye njia panda ya Mkiwa nikapata lori la alizeti. Nilipanga kumwandikia nikipata kazi. Nilipoipata, nikapanga kuandika nikipata kazi nzuri. Miaka ikapita hivyo.

Niliporudi, nyumba ilikuwa imefungwa. Nikamwamkia mama jirani.

"Marahaba," aliitikia, akitazama viatu vyangu. "Ndiyo umefika leo? Bibi yako hakushika fagio tena. Tulimcheka, yeye aliyekuwa akitusema kwa uchafu, kwake majani yamefika magotini! Akatujibu, 'Mume wangu hajasema kama amefika.' Tukamwacha. Uwanja ule tulikuja kuufagia sisi, siku ya msiba wake."

 

Siku hizi mjomba amejenga fremu za maduka pale, akamwaga zege kutoka mlangoni hadi barabarani. Bodaboda zinasubiri abiria mahali nilipokuwa nikimalizia kufagia. Panapendeza, sikatai. Ila zege halishiki unyayo wa mtu.

Kule hekaluni mtawa alimaliza, akaegemeza reki ukutani, akaingia ndani. Uwanja ukabaki mtupu, hauna unyayo hata mmoja. Nikasema kwa Kinyaturu, polepole, kwamba nimefika, bibi. Mwenyeji wangu akavua kofia akainamisha kichwa, akidhani nasali. Sikumkatalia.