Nilifunga Nyuzi za Chuma Kwenye Gambusi ya Baba Yake

Kosa ni langu. Naanzia hapo nisije nikajitetea katikati. Hakuna aliyenituma, na shetani nitamwacha apumzike, maana siku ile hakuwa na kazi. Mikono ilikuwa yangu.

Mimi ni Mkenya, msichana wa miaka ishirini na nne, natoka Magharibi kule ambako mvua haina uchoyo. Shule niliachia kidato cha pili. Hapa Dubai nafanya kazi kwa familia ya Wazanzibari waliokaa hapa miaka mingi, ghorofa ya sita, mtaa wa Al Mankhool. Kazi yangu kubwa ni kumwangalia mama mzazi wa Madam. Nitamwita Bi Shani, ingawa si jina lake. Namwogesha, nampa dawa, asubuhi namshusha chini anyooshe miguu kabla jua halijawa kali.

Na naimba. Jamani, mimi ni mtu wa kuimba! Nikiosha sufuria naimba, nikikunja nguo naimba. Nyumbani nilikuwa napiga gitaa kwenye kwaya ya kanisa, na ndoto yangu ni siku moja nisikie mtu nisiyemjua anaimba wimbo wangu njiani.

Kuimba huko ndiko kulikonifungulia kabati la Bi Shani.

Alinisikia, akaniita chumbani, akaniambia nitoe kitu kilichofungwa kwa kanga mbili. Ilikuwa gambusi. Kama hujawahi kuiona, ni ala ya nyuzi iliyochongwa kwa gogo moja, tumbo mpaka shingo, kama upawa mkubwa. Juu ya tumbo hakuna ubao, kuna ngozi ya mbuzi mchanga iliyowambwa. Nyuzi zake ni utumbo wa mbuzi uliosokotwa, na hupigwa kwa unyoya wa ndege. Ilikuwa ya marehemu baba yake, aliyeipiga Unguja ujana wake wote.

Vidole vya Bi Shani vimepinda kwa baridi yabisi, haviwezi tena. Akaniambia, "Wee una sikio, mie nina kumbukumbu. Tukichanganywa tunatoka mtu mmoja."

Miezi saba alinifundisha nyimbo tatu za baba yake. Tatu tu! Yeye anaimba kwa sauti ya chini, mimi natafuta kwenye nyuzi. Nikiongeza kapambo kidogo, vile tulivyozoea kwenye gitaa, ananigonga kifundo cha mkono kwa ncha ya kanga.

"Hapo baba hakupanda."

"Lakini Bibi, ikipanda inapendeza zaidi."

"Inakupendeza wewe."

Nilibishana naye, sitaficha. Nilimwambia baba yake alitumia utumbo kwa sababu ndio aliokuwa nao. Angepata nyuzi za chuma kama za gitaa, angekataa? Akafikiri kweli, kisha akasema hajui angefanya nini. Anachojua ni alichofanya. Nikacheka. Nilimpenda bibi yule, lakini moyoni nilisema huu ni ukaidi wa wazee.

Kila tukimaliza alinitaka nilegeze nyuzi zote kabla sijairudisha kabatini. Na isikae sebuleni kwenye AC, hata dakika kumi. Hilo pia nikaliweka kwenye mambo ya wazee.

Sasa sikia kwa nini alinifundisha kwa haraka vile. Ana dada mkubwa Unguja, nitamwita Bi Moza. Baba yao alipofariki, Bi Shani alikuja na gambusi huku Dubai, na Bi Moza akasema ameiba. Alisema baba hakutaka Shani aiguse, kwa sababu tangu utoto Shani alikuwa mvunjaji wa vitu. Tangu hapo wanasalimiana kwa simu za Idi tu. Mwaka huu Bi Moza alikuwa anakwenda umra, na akakubali kupitia hapa siku tano. Ana zaidi ya miaka themanini. Hakuna atakayepanga safari nyingine.

"Akiisikia sauti ile ile aliyoisikia utotoni," Bi Shani aliniambia, "atajua sikuiba. Nilitunza. Sina ushahidi mwingine, mwanangu."

Niliyasikia maneno hayo kwa masikio haya mawili. Na bado nikafanya nilichofanya.

Siku yangu ya mapumziko nilimsikilizisha rafiki yangu, Mkenya mwenzangu anayefanya kazi hotelini, rekodi ya ile gambusi. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Hiyo kitu inalia kama imefungiwa kwa kabati na inaomba itolewe." Nilicheka naye, lakini yaliniingia. Ni kweli sauti ilikuwa nzito, ya chini, kama mtu anayeongea na shuka mdomoni. Nikajiambia, Bi Moza ni mzee, masikio yake si ya jana, atasikia nini hapo? Nikajiambia namsaidia Bi Shani. Na nikipiga vizuri, nikiweka simu pale kwenye rafu inirekodi, nani ajuaye nani ataniona?

Unaona nilivyopanga? Huruma nikaitanguliza mbele, tamaa ikaja nyuma imeshika mkia wake.

Nikaenda madukani Satwa, nikanunua nyuzi za chuma za gitaa.

Siku ya mgeni, Madam na Bi Shani walikwenda uwanja wa ndege asubuhi, mimi nikabaki kupika. Nilipofunika wali nikatoa gambusi, nikavua nyuzi za utumbo, nikafunga za chuma. Nikatoka nayo balkoni nisikie inavyolia bila mwangwi wa nyumba.

Ilikuwa Agosti. Wanaokaa hapa wanaijua Agosti, hewa yenyewe unaweza kuikamua. Ngozi ya gambusi ikalegea kama chapati iliyofunikwa ikiwa moto. Sauti ikashuka. Nikakaza. Ikashuka tena, nikakaza tena. Kila nikikaza inang'aa, na kila iking'aa nataka zaidi.

Mungu anisamehe, ilikuwa tamu! Ilikuwa kama gambusi na gitaa wamezaa mtoto. Nilisimama pale jasho linanitiririka, nikalia kwa furaha, nikaona wimbo wangu unatembea Dubai nzima.

Simu ikalia. Madam. "Tuko chini, yalla, haraka, weka kahawa."

Nikakimbia nayo sebuleni, nikailaza kwenye kiti ilichoandaliwa, nikaifunika kanga. AC ilikuwa imewashwa tangu alfajiri, Madam alitaka mgeni akute nyumba baridi. Sikulegeza nyuzi. Nilisema, dakika chache tu na nitapiga.

Bi Moza aliingia na mkongojo wake, mdogo wa mwili, mkavu wa uso. Alimpa dada yake ncha za vidole. Wakakaa, mmoja huku mmoja kule. Nikaleta kahawa na halua. Bi Moza akaitazama ile kanga.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo."

"Ina nyuzi?"

"Za utumbo, kama za baba. Utaisikia sasa hivi, dada. Huyu mtoto ndiye mikono yangu."

Na Bi Moza, nawaambia, uso wake ulilegea. Kidogo sana, pembeni mwa mdomo. Akaweka kikombe chini kama mtu anayejiandaa kusikiliza.

Hapo ndipo kanga ilipolia. Ka! Kavu, kama kuni inayovunjwa gotini. Halafu mpasuko wa ngozi, na waya mmoja ukagonga mti ukanyamaza.

Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusogea. Nikaibeba pamoja na kanga yake, nikasema naenda kuitazama jikoni. Shingo ilikuwa imepasuka pale inapokutana na tumbo, na ngozi, iliyokauka na kujivuta kwa AC, imechanika kutoka kwenye kidaraja kinachobeba nyuzi hadi ukingoni. Ngozi ile aliiwamba baba yao kwa mikono yake.

Ningerudi pale pale na nyuzi zangu za chuma nikasema, tazameni, ni mimi, leo nisingeandika haya. Badala yake nilifanya kazi haraka kuliko siku zote za maisha yangu. Nikavua nyuzi za chuma, nikazisukuma chini ya vichwa vya samaki kwenye takataka. Nikazirudisha za utumbo, zikaning'inia tu. Nikanawa mikono. Jamani, nilinawa na sabuni!

Nikarudi sebuleni. "Imevunjika, Bibi."

Bi Shani aliitazama gambusi muda mrefu. Kisha akatazama vidole vyangu. Nikavificha kwenye aproni.

"Jana nilisahau kuzilegeza," akamwambia dada yake. "Uzee."

"Si uzee," Bi Moza akasema. "Ulikuwa hivyo hivyo una miaka saba. Baba alisemaje, Shani?"

Bi Shani alichukua halua, akaishika tu mkononi.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka hapo. Neno moja lingetosha. Lakini nilimwona Madam, nikaiona viza yangu, nikaiona ndege, nikamwona mama yangu ananipokea mikono mitupu. Ulimi ukalala.

Siku tano! Kila asubuhi nilisema leo. Namchana Bi Shani nywele, yeye kimya, mimi kimya, chanuo tu ndilo linaloongea. Wale dada wawili walikula meza moja bila kupeana hata chumvi.

Siku ya nne Bi Moza alinikuta peke yangu natandika kitanda chake. Akaegemea mkongojo.

"Wewe msichana. Ni kweli alisahau?"

Mungu alinifungulia mlango mpaka mwisho. Nami nikasema, "Mimi nilikuwa jikoni, Bibi."

Kunyamaza pengine watu wangenisamehe. Hilo jibu ndilo linaloniamsha usiku.

Bi Moza akaenda zake Makka. Siku aliyoondoka, Bi Shani alinikalisha kitandani kwake, akaushika mkono wangu wa kushoto na kuugeuza. Ncha za vidole bado zilikuwa na mistari ya waya, imeanza kupona.

"Utumbo haukati kidole hivi," akasema. "Wala haujapata kuvunja mti. Mti ukivutwa sana, utumbo unakatika wenyewe. Ndiyo maana baba aliuweka. Unakatika uzi, chombo kinabaki."

Nililia hadi nikakosa pumzi. Nikamuuliza kwa nini hakunisema siku ile. Akaniambia Madam angenipandisha ndege kabla kahawa haijapoa, na yeye hakutaka hilo. Halafu akasema jambo lililonimaliza.

"Nilikuwa nakungoja, mwanangu. Kila ukinichana nilikuwa nakungoja."

Saa ile ile nilikwenda kwa Madam nikamwambia yote. Alimtazama mama yake, mama yake akatikisa kichwa kwamba nisifukuzwe, na Madam akasema khalas, basi, rudi kazini. Kazi ipo. Lakini ufunguo wa lile kabati sasa anatembea nao Madam.

Kisha nikampigia Bi Moza. Nilimweleza toka mwanzo: Satwa, balkoni, AC, vichwa vya samaki. Alinisikiliza hadi mwisho, nikafikiri sasa, sasa itapona.

"Nilikuuliza uso kwa uso," akasema. "Ulikuwa jikoni. Mwambie Shani asitume watoto." Akakata.

Nimempigia mara nyingine tatu. Hapokei. Nimemtumia picha ya vidole vyangu, lakini vimeshapona, ni vidole tu vya mfanyakazi. Ukweli ninao wote, mzima, na hakuna wa kuupokea.

Fundi mmoja wa ala za udi huko Bur Dubai alisema anaweza kuweka shingo mpya na ngozi mpya, na italia vizuri kuliko zamani. Bi Shani alimshukuru kwa adabu. Njiani tukirudi akaniuliza, "Itakuwa inalia kwa sauti ya nani?" Tukairudisha ilivyo.

Wenzangu mnaonisoma, bado napenda sauti inayong'aa. Siku nikiwa na gambusi yangu mwenyewe nitafunga nyuzi nitakazo, na sitamwomba mtu radhi. Lakini kuna chombo mtu anakupa ukipige, na kuna chombo anakupa umshikie wakati anasubiri mtu. Ukishindwa kujua tofauti, uliza kabla hujakaza.

Na ukishavunja, sema hapo hapo, waya ukiwa bado mkononi na vidole vikiwa bado vinauma. Mimi nilingoja vipone.

Siku hizi namchana Bi Shani na simwimbii. Juzi nikimchana aliniambia niimbe. Nikaimba ule wimbo wa kwanza wa baba yake, polepole, na nilipofika pale ninapopenda kupanda, sikupanda. Bi Shani aliinama. Sikuthubutu kuzunguka mbele nikamwona uso.