Meno ya Baba Ukutani

Nyumba za kupanga za Migosi zilijengwa zote sawasawa, mlango huu na ule huwezi kuitofautisha, kwa hiyo vita vyetu vyote vilipiganwa ukutani. Jirani wa kulia alitundika zulia la mahameli lenye paa wawili wakinywa maji kwenye mto ambao haujawahi kupita karibu na Kisumu. Jirani wa kushoto akajibu kwa tausi. Mama yangu, mjane aliyeuza samaki wa kukaanga pale Kondele, hakuwa mtu wa kushindwa na tausi. Yeye alikuwa na kalenda.

Na msidhani ni kalenda moja. Kwetu kalenda haikutolewa ukutani ati kwa sababu mwaka umekwisha. Mwaka uishe, ni shauri yake, picha inabaki. Tulikuwa na milima ya theluji kutoka duka la dawa, tulikuwa na trekta, tulikuwa na mtoto mnene wa kizungu aliyekumbatia kopo la maziwa. Zote zilitundikwa juu kabisa, karibu na dari, zimeinamia mbele kidogo, hivi kwamba mgeni aliyekaa kwenye kochi ilimbidi avunje shingo ili azione. Huku chini kila kitu kilivaa kitambaa cha kufuma: kochi, redio, kabati la vioo lenye sahani ambazo hakuna aliyewahi kuzilia. Nilimwambia mama kwamba siku moja nikikaa mahali pamoja sana nami nitafunikwa. Hakuona mzaha uko wapi.

Aliyekosekana kwenye ukuta huo ni baba. Alifariki nikiwa mdogo sana, na uso wake sikuwa nao kabisa. Nilichokuwa nacho ni mluzi tu, mtu akipiga mluzi wa wimbo wa kanisa asubuhi huku akinyoa ndevu. Picha yake ya pekee ilikuwa ile ndogo ya kipande, kitambulisho chake cha zamani, mdomo umefungwa, macho yanaiogopa kamera, na muhuri umekula shavu moja. Mama aliiweka ndani ya Biblia. Nilipokuwa msichana nilikuwa naitoa kisirisiri na kuitazama, nikitafuta pale mtu wa kupiga mluzi, nisimwone.

Basi nikapata mchumba. Alikuwa mwalimu wa sekondari, na watu wake walisifika kwa kusoma hadi mama akaanza kuwaogopa kabla hajawaona. Siku ikapangwa wanaume wa kwao waje kuniposa. Mama aliutazama ukuta wake kwa macho mapya na kuona aibu tupu. Wakwe watakaa hapo, alisema, watainua macho, wataona trekta na mtoto wa watu. Baba wa msichana yuko wapi? Msichana asiye na baba ukutani watamchukua kama kitu cha kuokota njiani, na maisha yake yote huko atakuwa wa kuokotwa. Hilo ndilo lililomnyima raha, nami niliogopa hilo hilo.

Akaichukua picha ya kipande akampelekea fundi wa kuchora pale Kondele. Huyu bwana ndiye aliyechora ng'ombe wa mabucha yote ya mtaa, ng'ombe wenye furaha ambao hata hukuelewa wanafurahia nini. Alichora pia vichwa kwenye vibanda vya vinyozi, na ukiangalia vizuri ni kichwa kimoja tu, kilichohamahama kutoka kibanda hadi kibanda na kubadilishiwa nywele.

Mama alikaa kwenye benchi na beseni lake la samaki, akaanza kuagiza. Mumewe avalishwe suti. Avalishwe tai na saa, na kalamu mfukoni. Baba alikuwa mpima samaki kule Port Victoria, na kwa alivyosimulia mama mwenyewe, alikwenda kazini na fulana na kurudi na magamba. Fundi akasema kuna shida moja, huyu mzee na huu mdomo uliofungwa anaonekana kama anatafutwa na polisi. Mama akakubali kwamba mumewe alikuwa mtu wa kucheka, basi acheke.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Wanaume wa rika la baba huko kwetu walikuwa wameng'olewa meno sita ya chini ya mbele walipokuwa vijana, maana bila pengo hilo hukuhesabiwa kuwa mwanamume. Baba akicheka, pengo linacheka naye. Mama alifikiri kidogo, akawaza wale wasomi wakisema tumetoka kwa watu wa zamani, akaamuru mumewe awekewe meno. Fundi alifurahi sana. Alikuwa ametoka kuchora ukuta wa tangazo la dawa ya meno, na rangi nyeupe ilikuwa imebaki.

Picha ilipoletwa, meno ndiyo yaliyoingia kwanza, baba akafuata. Yalikuwa mengi kupita kiasi, yote sawasawa, yanang'aa kwa rangi ya mafuta. Nilimwuliza mama kama kweli ndivyo alivyokuwa. Akasema ndivyo ambavyo angekuwa. Niliudhika. Miaka yote hiyo nimengoja kumwona baba, naletewa mgombea wa kiti cha bunge.

Wakwe walikuja mchana, wamevaa makoti katika joto lile la ziwani. Msemaji wao alikuwa mzee mmoja, ami wa mchumba wangu, mtu wa maneno machache aliyekula samaki polepole huku amekinga mdomo kwa mkono. Msemaji wetu alikuwa baba mdogo, aliyezaliwa desturi ya kung'oa meno ikiwa imekwisha, na mdomo wake haukujua kupumzika. Mama alikuwa jikoni nyuma ya pazia pamoja nami, kwa sababu kwetu mama mkwe hajitokezi mbele ya wakwe hivi hivi, na mkwe akimwona huinamisha macho.

Mzee aliuliza kuhusu baba yangu, aliitwa nani, alizaliwa wapi, alifanya kazi gani. Aliposikia Port Victoria akaacha kutafuna. Akasema aliwahi kununua samaki huko, na alimjua mpima mmoja wa jina hilo, tena walikuwa marafiki. Akavunja shingo, akaitazama picha kwa muda, akauliza kama marehemu alikuwa ameng'olewa meno. Baba mdogo angejibu ndiyo, mambo yangeisha. Lakini yeye alikuwa ameagizwa na mama kulinda heshima ya picha, na akipewa kulinda kitu basi hukilinda mpaka kife. Akaapa kwamba kwa ukoo wetu hakuna aliyeguswa, kwamba kaka yake alizikwa na meno yake yote kinywani, na asiyeamini ajionee ukutani.

Mzee akaliweka tonge chini. "Basi huyu si yule," alisema. "Yule alikuwa akipiga mluzi kwenye pengo. Sasa huyu msichana ni wa nani?"

Hilo si swali dogo kwetu. Watu huoa ukoo, na msichana ambaye babake hajulikani vizuri haposwi. Wageni hushukuru kwa chakula, huvaa kofia zao, na huoni tena vumbi lao. Baba mdogo ghafla aliona mwiba wa samaki mkononi mwake na kuanza kuuchunguza. Mchumba wangu alikuwa anatazama viatu vyake. Na mimi jikoni nilijua kwamba yule baba wa mluzi, kitu pekee nilichokuwa nacho, ndiye aliyekuwa akikataliwa mbele yangu.

Mama akafuta mikono kwenye leso, akafungua pazia akaingia, na harufu yake yote ya mafuta ya samaki. Wanaume wakainamisha macho kwa mpigo. Mzee peke yake hakuyainamisha.

"Ni yeye," mama alisema. "Pengo alikuwa nalo, na mluzi alipigia hapo hapo. Haya meno nimeyanunua mimi Kondele, kwa kuwaogopa nyinyi."

Mzee akatia vidole viwili kinywani, akatoa safu yake yote ya meno ya chini pamoja na ufizi wake wa waridi, akaiweka kwa adabu juu ya kitambaa cha kochi.

"Na mimi haya," alisema, upepo ukimtoka kwenye pengo, "nimeyavaa kwa kuwaogopa nyinyi."

Kumbe ndiyo maana alikuwa akila kwa taabu. Akaomba kichwa cha samaki kingine, na safari hii alikila kama mtu aliyefika nyumbani.

Mambo yangu yalipokwisha kukubaliwa, mama alibeba picha akairudisha Kondele. Fundi aligoma. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake nzuri kuliko zote, alisema, na mama anataka aiharibu. Hakumweza. Akachovya brashi kwenye rangi nyeusi, akamng'oa baba meno mara ya pili, na ilibidi aurekebishe mdomo wa chini uingie ndani kidogo. Suti ilibaki, na saa, na kalamu ya mtu aliyepima samaki.

Tuliitundika pale pale juu, kati ya trekta na theluji. Nikainua macho, na yule mtu alikuwa na mahali pa kutolea mluzi. Nilimjua palepale.

Mama alisimama chini yake, kavunja shingo kama wageni. Halafu akamwuliza kwa Kidholuo, lugha ya kwetu, kwa sauti ya chini, vile unavyomgombeza mtu aliyechelewa na chakula kikapoa: "Ulikuwa wapi?"

Nikatoka nje nikawaachia nyumba.