Sala Niliyomnyang'anya Mume Wangu

Mume wangu aliendesha kombaini kwenye mashamba ya ngano ya serikali, lakini kazi aliyoipenda zaidi ilikuwa kijijini kwetu Masakta. Wazee wakikutana, yeye ndiye aliyesema ile sala ndefu ya baraka, akiombea mvua, ng'ombe na wanawake wajawazito, na wenzake wakiitikia kila mstari. Aliirithi kwa baba yake. Hata alipotoka Dar es Salaam kuchomwa mionzi ya saratani ya koo, swali lake lilikuwa moja: sauti ipo? Ilikuwepo.

Miaka ikapita, tukasahau hospitali. Kisha ulimi wake ukaanza kuwa mzito. Maneno yaligongana, chai ikawa inampalia. Msimu wa mavuno madereva walikunywa, na mimi, mwanakwaya nisiyegusa pombe, nikajua ninachokijua. Kuuliza si ujinga, ila mimi nilikuwa na uhakika wangu, basi sikumwuliza. Nikamwendea mkubwa wa ukoo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Kwenye kikao kinachokuja, sala apewe mwingine. Baba watoto anakunywa mno, atatuaibisha."

Akapewa mwingine. Mume wangu aliketi nyuma, akaitikia kama wengine. Alidhani wazee wamemchoka. Nami nilijiona mke mwenye busara!

Mwaka uliofuata chakula kilikuwa hakipiti vizuri. Tukarudi hospitali tukiogopa saratani imerudi. Daktari akamwambia atoe ulimi. Ulipinda upande mmoja, na upande huo ulikuwa umesinyaa. Saratani haikuwepo. Mionzi ileile iliyomponya, alisema daktari, iliendelea kudhuru polepole mshipa wa fahamu unaoendesha ulimi. Madhara hayo huchukua miaka kuonekana, na mshipa hauponi.

"Watu hudhani mgonjwa amelewa," akaongeza.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Tulipofika nyumbani nilimwambia mume wangu yote, kisha nikaenda kwa mzee yule kukiri. Akaitisha kikao, akamrudishia sala.

Mume wangu akasimama. Mstari wa kwanza ulitoka kama uji. Wenzake wakatazamana, hawakujua waitikie wapi. Akajaribu tena, halafu akaketi.

Njiani nilimwomba msamaha, nikilia. Ilinibidi nisogee karibu nimwelewe.

"Mwaka jana," akasema, "bado ningeweza."