Sweta Iliyofungwa Kike

Nerima hujaza fomu za forodha za wafanyabiashara wa Nakuru wanaoagiza nguo kutoka nje. Usimwambie ni kazi ya kalamu tu, atakukaripia. Sweta lazima aishike, aivute, aone nyuzi zikiachia na kurudi, ndipo ajue imefumwa. Kisha hutazama vifungo. Upande wa kushoto ukilalia wa kulia, sheria inasema ni ya mwanamume. Wa kulia ukilalia wa kushoto, ni ya mwanamke.

Leo ameshika sampuli ya kahawia, na ukungu wa dirishani unambeba polepole hadi kwao mtaa wa Free Area, enzi za utoto wake. Baba yake, Mzee Wanyonyi, anatoka langoni kwenda kazi ya reli, amevaa sweta kama hii. Mama aliifuma kwa siri. Kwa kuwa hangeweza kumpima baba, alijipimia mwenyewe, na vifungo akaviweka kwa mkono aliouzoea, upande wa kike. Kanisani watu walicheka. Baba alifunga hadi kifungo cha juu, akaendelea kuimba.

"Nerima, mteja anasema hizo ni za wanaume," bosi wake anasema.

"Mteja hajui kitu! Ni za wanawake."

Anaandika, huku akimwona mama jinsi alivyomwacha asubuhi, akichemsha chai ndani ya sweta ya baba. Tangu mazishi ya baba haivui. Inamkaa sawasawa, mabega, mikono, hadi kifungo cha mwisho.