Bibi, mumewe mchimbaji, na chanjo ya ukimwi iliyokwama mlangoni

Wakuu, salaam. Hiki ni kisa cha nyumbani kwetu Kishapu, miaka ya tisini. Chumvi sijatia, na mhusika yupo hai, akibisha nitamleta hapa hapa.

Kaka yangu Masanja alikuwa mchimba dhahabu kule Segese. Kijana wa starehe kwelikweli.

Akapata mchumba, na mchumba akatoa sharti: tupime kwanza. Tukimaliza kuvuna pamba hujapima, naolewa kwingine.

Kaka akagoma. Eti kasikia redioni chanjo inajaribiwa ulaya, atasubiri achanjwe ndipo aoe!

Dada yetu Kabula, mtu wa maabara, akaja likizo. Tukiwa tunachambua pamba uani, kaka akamuuliza chanjo inafika lini.

"Imekwama mlangoni," Kabula akasema. "Kirusi kina protini ya kushikia kipokezi cha seli nyeupe, kama mkono wa mwizi kwenye komeo. Chanjo inaleta protini hiyo peke yake, ili kingamwili zikariri ule mkono."

"Si safi hiyo?"

"Ikifika mwilini nayo inashika kipokezi kilekile. Umewaonyesha walinzi wa sungusungu mwizi, kumbe mkono umeshashika komeo, hauonekani. Wanakariri shati. Na mwizi huyu hubadili shati kila siku."

(Madaktari wa humu msinirukie. Alisema ni jambo wanalolihisi tu, bado wanachunguza.)

Bibi alikuwa nasi, anachambua pamba yake. Kwetu Usukumani bibi na mjukuu ni watani, anamwita mume.

"Mume wangu," akasema, "kumbe walinzi wako wanajua mashati tu! Kesho twende tukapime. Mimi mke mkubwa, simpokei mke mdogo bila kujua afya yetu."

Tulicheka sana, kaka naye akacheka.

Asubuhi Bibi kavaa kitenge cha kanisani, kasimama mlangoni kwa Masanja, anamwita mumewe kwa sauti hadi majirani wakatoka. Utani wa bibi ukiukimbia mbele za watu, utachekwa mpaka uzeeni. Wakaenda.

Kusubiri majibu, kaka alikonda kama ng'ombe wa kiangazi. Mimi niliogopa mno, utani wote uliniisha.

Wote salama! Bibi akatangaza gulioni majibu yake kwanza, ya Masanja akayataja wakati anaondoka. Pamba nyingine ilikuwa bado shambani, mchumba hakuwa na sababu ya kuolewa kwingine.

Nilichojifunza: chanjo uisubiri ukiwa umeshapima. Ile ya redioni mpaka leo haijafika Kishapu. Masanja sasa ni babu, na juzi nimesikia kajukuu kake kanamwita "mume wangu."

Haya, nani mwingine aliwahi kuburuzwa na bibi yake? Semeni, msione haya.